Kikapu cha Pili Kilikuwa cha Nani?

Ile siku niliona kitambaa cha kichwa cha bibi yangu, mama ya watoto wangu, nikaona na paji la uso wake, na chini ya nyusi hakukuwa na kitu. Nyeusi tu. Si giza la kufunga macho, hapana. Ni kama muntu ameshika blanketi mbichi na anaipandisha polepole mbele yako, kutoka kidevuni kwenda juu. Ilikuwa saa ine ya asubuhi, jua kali nyuma ya mvua kukatika, tulikuwa mbele ya nyumba yetu hapa Kalemie, yeye anachambua ndagala juu ya lungo.

Nikamuambia: "Mama Riziki, inua kichwa."

Akainua.

"Inua tena."

"Papa Riziki, nikiinua tena nitaangalia mbingu. Kuna nini?"

Sauti ilitoka ndani ya ile nyeusi. Mudomo wake sikuuona.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa tangu kiangazi cha mwaka uliopita. Sasa la kuume njo lilikuwa linaanza safari ileile, na ile safari nilikuwa naijua vituo vyake vyote. Nilikaa chini, palepale kwenye udongo wenye maji. Watu wanasema wakati kama huo muntu anamuita Mungu. Mimi sikumuita. Nilijiuliza neno moja tu: nani? Nani amenifanyia hivi?

Naandika haya sasa kwa sababu nimebakiwa na jicho kidogo, na docta amesema litakaa. Naandika na kalamu ya feutre nene, herufi kubwa kama za mutoto wa primere ya kwanza, na binti yangu Riziki anazinakili. Shule niliishia primere ya sita. Mambo ya kitabu ya macho siyajui na sitayaeleza. Nitaeleza niliyoyaona na niliyofichwa, na majina nitayataja. Anayekasirika aje kwangu, mulango uko wazi.

Turudi nyuma.

Tangu utoto mimi ni muntu wa lunetti. Primere ya pili mwalimu aliona ninaandika pua ikigusa daftari, akamuita mama. Nikapata lunetti yenye vioo vinene kama chini ya chupa ya bia. Watoto wakaniita Kioo. Bila lunetti, muntu wa hatua tatu ni moshi. Nilizoea. Nilifikiri kila nyumba ina muntu wake wa moshi.

Mama yangu alikuwa na fishi yangu ya uzazi, karatasi ya siku niliyozaliwa. Aliiweka ndani ya nailoni, nailoni ndani ya koba, koba ndani ya sanduku lenye kufuli. Vita ilipokuja mara ya kwanza tukakimbia, aliacha sufuria, aliacha radio, hakuacha fishi. Na alinifundisha maneno yake kama wengine wanavyofundishwa sala: "Miezi tisa, kilo tatu, alilia palepale." Akinipeleka kwa sindano, kwa homa, kwa minyoo, akiulizwa au asiulizwe, anatoa fishi: miezi tisa, kilo tatu, alilia palepale. Nilipokuwa mukubwa akanipa niishike mwenyewe. "Popote watakapokuuliza ulizaliwa namna gani, usijibu na kinywa. Toa karatasi." Mimi nilifikiri ni upendo. Leo najiuliza: mama gani anamufundisha mutoto kilo zake kwa moyo, kama hakuna muntu anayezikataa?

Nikawa sudere, muchomelea vyuma. Papa yangu, Gasto, alifanya kazi hiyohiyo, katika atelie moja chini kule kuelekea bandari. Jina la ile atelie siliandiki, waliomo leo hawana kosa. Mimi na rafiki yangu Sefu tulifungua kazi yetu wenyewe. Tulichomelea porbagaji za kinga, vyuma vya kubebea mizigo nyuma ya baiskeli, zile za nguvu, za watu wanaoenda na mizigo mpaka Nyunzu na wengine mpaka Manono. Kinga yenye porbagaji yetu haikunji mugongo. Waulize.

Mwanzo wa ugonjwa ulikuwa mwanga. Msimu wa mvua, nikiwa na miaka arobaini na ine, nilianza kuona cheche pembeni ya jicho la kushoto. Naziona nikila. Naziona nikiwa kanisani nimefunga macho. Kila muntu niliyemuambia alicheka: "Sudere anashangaa cheche!" Hata mimi nilicheka. Ingekuwa mwalimu au muuza chumvi, angeogopa siku ya kwanza. Mimi kazi yangu ilinifunika. Kisha zikaja nzi weusi wadogo, wanaelea, ukiwapiga na mukono hawaondoki.

Nikaanza kumushuku Sefu. Nitasema ukweli, hata kama unaniaibisha. Kioo cha maski yangu kilikuwa kimebadilishwa, nikaona ni cheusi kidogo kuliko kile cha zamani, au cheupe zaidi, sijui tena. Nikasema Sefu amenibadilishia kioo ili nipofuke abaki na wateja. Kisha nikaenda mbele zaidi, nikamuita mulozi mbele ya watu, kinga tatu zikiwa zimepangwa zinangoja. Sefu aliweka chini baketi, ile fimbo yake ya kuchomelea, akavua glovu moja, kisha nyingine.

"Kioo nilikununulia mimi," akasema. "Kile cha zamani kilikuwa na ufa, ulikuwa huuoni. Kwa hiyo njo unaniona mulozi."

Akaenda. Akafungua kazi yake ngambo ya muto Lukuga. Na cheche hazikuondoka pamoja naye.

Hapo njo nilienda kwa Prosper. Watu wanamuita Docta Prosper. Si docta. Ana duka la lunetti, ubao wa herufi, na blusi nyeupe ya docta. Chumba chake cha kungojea ni ubao mmoja na kalenda ya mwaka uliokwisha pita. Nilikaa pale asubuhi nzima na mama mmoja aliyekuwa analia kwa jicho moja tu, la kuume, na tulizungumza juu ya bei ya mihogo mpaka tukaitwa.

Prosper aliniuliza maswali matatu. La tatu lilikuwa: "Ulizaliwa kwa wakati wako?"

Muone: aliuliza! Alikuwa na ile swali mukononi. Na mimi, kama mujinga, nikatoa nailoni. Akasoma, akanirudishia. "Muzima kabisa. Hii ni uchovu wa kuchomelea." Akanipa dawa ya matone ya macho mekundu, na lunetti yenye nguvu zaidi.

Nilirudi nyuma ya wiki mbili, kivuli kimeanza chini ya jicho la kushoto. Akasema ni damu imechoka. Nilirudi mara ya tatu, nusu ya jicho ni nyeusi. Akanimulika na tochi ya simu. Ya simu! Akasema: "Papa, ngoja kiangazi, joto ikipungua itafunguka." Kiangazi kikaja, ziwa likawa na upepo wake wa baridi, na jicho likafungwa kabisa. Hakunitilia hata siku moja ile dawa inayofungua mboni ili muntu aone ndani. Leo ukimuuliza anajibu: "Karatasi ilisema miezi tisa." Prosper, karatasi haina macho. Wewe ulikuwa nayo mawili.

Karibu mwaka mmoja nilikaa na jicho moja. Nyumba ilibadilika. Nilikuwa nagonga kikombe, nasema Mama Riziki amekisogeza makusudi. Nilimshuku hata chakula chake. Siku moja aliweka sahani mbele yangu, akachukua kijiko, akala tonge la kwanza mwenyewe, akanipa kijiko. Alifanya hivyo kila siku, wiki nyingi, kama unavyomuonjea chifu. Sikumushukuru. Namushukuru hapa.

Kisha ikafika ile asubuhi ya lungo na ndagala.

Safari hii hatukuenda kwa Prosper. Mama Riziki alisema: "Tunavuka." Watu wa Kalemie wanajua: kilichokushinda huku, unavuka ziwa, unakwenda Kigoma, na kikishindikana Kigoma unaendelea. Kwenye bandari, nikiwa nimeshikwa mukono kama bibi-arusi, nikasikia muntu ananinyanganya sakoshi yangu begani. Nikapiga kelele.

"Nyamaza," akasema Sefu. "Leo mulozi njo anakubebea sakoshi."

Aliibeba mpaka ndani ya bato, akaiweka kati ya miguu yangu. "Ukirudi unaona," akasema, "utanionesha kile kioo kilikuwa rangi gani." Akashuka.

Hospitali iliyotupokea iko mbali ndani ya Tanzania, siku mbili za basi. Kule chumba cha kungojea ni kirefu kama wagoni ya treni, na wagonjwa wote wametiwa ile dawa ya kufungua mboni. Watu hamsini wenye macho makubwa meusi, wote wanakimbia mwanga wa dirisha, wamejifunika na kanga, na magazeti, na mikono. Nesi anapita: tone, tone, tone. Dawa inashuka mpaka kooni, chungu. Mama Riziki alininong'onezea: "Mungejiona! Kama bundi waliokamatwa muchana." Nikacheka, mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Docta alikuwa mwanamuke kijana, mukono mwepesi. Alimulika muda mrefu, jicho hili, jicho lile, juu, chini, pembeni. Kisha akazima taa yake.

"Baba, ulizaliwa njiti?"

"Njiti ni nini?"

"Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mdogo sana."

Nikatoa nailoni. Mukono ulitoka wenyewe, mimi sikuutuma. Miezi tisa, kilo tatu, alilia palepale. Alisoma, akaiweka juu ya meza na kidole chake juu yake.

"Hii inasema hivyo. Macho yako hayasemi hivyo. Pembeni kule ndani kuna makovu ya zamani sana, yote mawili, kushoto na kulia. Hukuyapata kwenye kuchomelea. Hayo umekuwa nayo tangu unanyonya. Njiti wengi wanayapata, zaidi wakipewa oksijeni nyingi bila kipimo."

"Kwa hiyo mama yangu alidanganya?"

"Mimi sijui mama yako. Najua kwamba mtu mwenye macho haya anatakiwa kuangaliwa kila mwaka, dawa ya mboni kila mwaka, hata kama haoni shida. Hakuna aliyekwambia?"

Hakuna.

Jicho la kushoto alisema tumechelewa, limejikunja ndani kama karatasi iliyonyeshewa. La kuume walipasua kesho yake. Walinilaza macho, maumivu hakuna, lakini nilisikia mashine inalia kama nyuki ndani ya kopo, na niliona vivuli vya visu vyao vinatembea, kama muntu anavua samaki ndani ya jicho langu. Wakatia mafuta ndani ili kushikilia kile kilichobanduka. Kisha ikaja kazi yenyewe: kulala kifudifudi. Wiki mbili. Unakula ukiangalia sakafu, unaongea ukiangalia sakafu, unaenda chooni umeinama kama muntu aliyepoteza sindano. Shingo ilivimba, uso ulivimba, mate yanashuka yenyewe. Tulipanga chumba kwa mama mmoja, mwenyeji wa Ujiji aliyehamia kule. Mama Riziki alitandika mukeka chini ya kitanda, kichwa changu kikatoka pembeni, na yeye akalala chini chali, akiniangalia kutoka chini. Tulizungumza hivyo. Ndoa ya miaka ishirini na mbili, hatukuwahi kuangaliana muda mrefu namna ile, hata kama mimi nilikuwa naona ukungu tu.

Siku ya ine nikamuambia apige simu kwa mama mudogo Anjelani, mudogo wake na mama, anayekaa Nyunzu. Mama yangu amekwisha kufariki, papa alimutangulia. Aliyebaki kujua ni huyo.

"Mama mudogo, mimi nilizaliwa na miezi ngapi?"

Nikasikia jogoo nyuma yake.

"Nani anauliza?"

"Mimi, mutoto wako."

"Hapana. Nani amekutuma uulize?"

"Jicho limenituma. Moja limekufa, na la pili linakufa."

Nikasikia anafunga mulango. Kisha: "Hayo si maneno ya telefone. Rudi kwanza."

Tulirudi mwanzo wa kiangazi. Mafuta yakiwa ndani ya jicho, dunia ni kama unaiangalia kupitia sufuria ya maji, lakini nilimuona Mama Riziki na mudomo wake. Na mama mudogo akafika na treni, na gunia la unga, na viatu mukononi. Alingoja wageni waondoke. Alikataa chai.

"Ulikuwa wa miezi saba," akasema. "Hata haikutimia. Ulikuwa kama panya, ngozi unaona damu inapita. Mama yako alitokwa na damu tukamukimbiza kwa ile dispanseri ya zamani. Infirmie, nesi wa pale, alikuwa Denisi. Ulizaliwa bluu. Denisi akasema: huyu anataka oksijeni, na mimi sina. Papa yako akasema: mimi najua ilipo."

Ilikuwa ateliani kwake. Ile ya kuchomelea, chupa ndefu ya chuma, kubwa kama muntu mukubwa. Sasa muntu anatoaje chupa ile getini muchana, mulinzi akiwa pale? Papa alikwenda na pusipusi, gari la kusukuma kwa mikono, na godoro. Akailaza chupa juu ya godoro, akaifunika na shuka nyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na nyuma ya pusipusi akamuweka Anjelani, mwenye miaka kumi na tano, alie.

"Nililia kweli," akasema, "kwa sababu niliogopa. Nilikuwa napiga kelele: yaya yangu, dada yangu! Mulinzi alivua kofia yake. Njia yote wanaume walivua kofia. Mama mmoja wa soko alitusindikiza anaimba. Tulimuambia nini? Tukamuacha aimbe mpaka mulangoni."

Mama Riziki alifunika mudomo na mukono. Hakujua acheke au alie, na mimi vilevile.

Denisi alikuwa amekulaza ndani ya kikapu, akasema mama mudogo, ndani ya pamba, chupa za maji ya moto pembeni. Akapitisha mupira kutoka kwa ile chupa ya chuma mpaka usoni pako, akafungua. Bila kipimo. Ilikuwa inavuma usiku na muchana. Siku ngapi? Nyingi. Kitovu kilianguka, ilikuwa bado inavuma.

Kule ateliani wakaanza kutafuta chupa yao. Mukubwa wao alipita hata kwenye dispanseri. Kama angekuta kwenye karatasi mutoto wa miezi saba, wa kilo moja na kidogo, anapumua vizuri, angeuliza: anapumua na nini? Basi Denisi akachukua fishi, akaandika miezi tisa, kilo tatu, alilia palepale. Papa akaapa. Mama akaapa. Anjelani akaapishwa. Hicho njo kilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli.

Kwa papa yangu sina neno. Bila ile chupa nisingekuwa hapa wa kulalamika. Aliiba pumzi akaniletea, na mimi kila siku ya kazi nafungua chupa ndugu ya ile, kwa mukono wangu, bila kujua. Lakini nyuma ya miaka kumi, nyuma ya ishirini, ile atelie ilibadilisha wenyewe, yule mukubwa alikufa, ni nani alikuwa bado anatuogopesha? Karatasi ya siku moja ikawa ya maisha. Ni nini kilimukataza muntu kuninong'oneza: wakikuuliza, sema ukweli?

Na mama mudogo alikuwa hajamaliza. Alikuwa amekwisha simama, anatafuta viatu vyake, anasema kama muntu anayesema habari ya mvua: "Na yule mwenzako wa kikapu kingine, sijui kama alipona."

"Kikapu gani kingine?"

"Vilikuwa viwili. Mama mmoja alileta mutoto wa kike, mudogo kama wewe, siku mbili nyuma yako. Denisi alikata mupira na makasi akaufanya midomo miwili. Yule mama alikuwa anauza sabuni ya mawese. Alikuwa na kitenge chenye kuku. Jina sikulijua."

Tulitoka ndani ya ile dispanseri, akasema, yule mutoto wa kike akiwa bado ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Denisi, kule Kataki. Ni muzee sasa, shemasi, watu wanamuamkia kwa mikono miwili. Nami nilimuamkia hivyo. Alikuwa sebuleni, anakunywa chai na mikate.

"Jambo, Papa."

"Jambo, mutoto wa Gasto. Karibu. Macho inaenda?"

"Moja ilienda. Moja imebaki."

Akacheka. "Wewe na maneno yako. Kaa."

"Nimekuja kuuliza kilo, Papa."

"Kilo ya nini? Mimi siuzi unga."

"Kilo zangu."

Alitafuna. "Si zimeandikwa kwa fishi? Tatu."

"Nani aliandika?"

"Mukono wangu, unaujua."

"Na mizani, Papa, ilisema tatu?"

"Mizani ilikuwa imeharibika."

"Anjelani amekuja kutoka Nyunzu."

Akaweka mukate chini. Akaanza kwa sauti ya kanisani: "Mwanangu, uko hai. Una bibi, una watoto, umekula miaka arobaini na sita. Wengi niliwazika kwa sanduku la sabuni. Na leo unakuja kwangu kudai macho? Mama yako njo aliniomba niandike vile. Muulize yeye."

Kumbe! Mama yangu yuko kaburini, na wote wamemupa mizigo aishike, kwa sababu hawezi kuirudisha.

"Sidai macho," nikasema. "Siku ngapi uliiacha ile chupa wazi?"

"Sikumbuki."

"Sawa. Kikapu cha pili kilikuwa cha nani?"

"Kikapu gani?"

"Vilikuwa viwili."

"Anjelani alikuwa mutoto wa miaka kumi na tano, anajua nini?"

"Mutoto wa miaka kumi na tano anajua kuhesabu mpaka mbili."

Na hapo njo nilimuona. Jicho langu moja, lenye mafuta, lenye ukungu, liliona: Papa Denisi aligeuza kichwa, kidogo tu, akaangalia kabati. Kabati ya mbao nyuma ya mulango, yenye kitambaa cha kushona na Bikira juu yake. Kisha akarudisha macho kwenye chai haraka, akamuita binti yake aniletee kikombe. Muntu asiye na kitu hageuzi kichwa namna ile. Infirmie wa zamani hatupi madaftari yake.

Nimerudi mara tatu. Mara ya kwanza amelala. Mara ya pili yuko kwa repetisyo ya koro, mazoezi ya kwaya, yeye ambaye haimbi. Mara ya tatu binti yake alinizuia getini: "Papa anasema mumuache afe na heshima."

Msimu wa mvua huu tulivuka tena, wakatoa mafuta. Nilimueleza docta yote, pusipusi, shuka, mupira wenye midomo miwili. Nikamuuliza kama ni ile chupa. Akasema inawezekana, na inawezekana ni kuzaliwa mapema peke yake, hatasema asichokiona. Nilimuheshimu kwa hilo. Nikamuuliza juu ya yule wa kikapu kingine. "Kama yupo," akasema, "aje aangaliwe. Asingoje cheche."

Nilipotoka nje niliona majani ya muti moja moja. Nilikaa chini yake nikayahesabu kama mutoto. Niliporudi Kalemie, Sefu alikuwa bandarini. Nilimuambia kile kioo kilikuwa kizuri. "Ilikuchukua mapasuo mawili kujua," akasema. Tunafanya kazi pamoja tena. Yeye anachomelea, mimi napima na kukata.

Basi wewe unayesoma: kama lunetti yako ni nzito tangu utoto, na unaona cheche ambazo hakuna anayechomelea, usikubali jibu la uchovu. Omba matone ya kufungua mboni. Na kabla ya kutoa karatasi yako, muulize aliyekuogesha siku ya kwanza, muulize akiwa bado hai, na ukiona anakuuliza "nani amekutuma," ujue liko neno.

Na wewe mama mwenye miaka arobaini na sita, uliyezaliwa siku mbili nyuma yangu, ambaye mama yako aliuza sabuni ya mawese na kuvaa kitenge cha kuku: labda uko Lubuye, labda uko Kabalo, labda tulikaa ubao mmoja kwa Prosper tukaongea juu ya mihogo. Bila shaka fishi yako nayo inasema miezi tisa. Inadanganya.

Papa Denisi, ya kwangu nimeyaacha. Siku za chupa usizikumbuke, kilo uzimeze na chai yako. Lakini yule mwanamuke bado ana macho mawili, au moja, na kila mvua inayopita wewe unajua jina lake na yeye hajui neno. Heshima yako itazikwa na wewe. Macho yake hayakuomba kuingia ndani ya hilo kaburi. Nitakuwa getini Jumapili nyuma ya misa, na Jumapili itakayofuata, na Mama Riziki atanishika mukono nikiwa sioni tena. Fungua ile kabati.